Anayeamua ni Nani? Mwongozo wa Kuipima Riwaya ya Kijana

Mzazi anayemtafutia riwaya mtoto wa darasa la sita, au mwalimu anayechagua vitabu vya maktaba ya sekondari, kwa kawaida huuliza mambo matatu: kitabu kina funzo gani, lugha yake ni safi, na je, hakina mambo ya aibu ndani? Ni maswali ya haki, na mlezi hana budi kuyauliza. Shida ni kwamba kitabu kinaweza kuyavuka yote matatu na bado mtoto akakiacha ukurasa wa ishirini, akarudi kwenye simu. Maswali hayo yanatuonyesha kama kitabu hakina madhara. Kama ni riwaya nzuri, hayasemi. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba riwaya za watoto wakubwa na vijana hupimika vizuri zaidi kwa jambo moja, nalo ni uamuzi. Mtazame mhusika kijana anapofika njia panda, kisha uulize: anayeamua ni nani? Anajua nini wakati anaamua? Na uamuzi huo unamgharimu nini? Riwaya inayoyajibu maswali hayo barabara huwa na taharuki, lugha hai na hata maadili, kwa kuwa hayo yote hufuata nyuma ya uamuzi wa kweli. Inayoyakwepa haiokolewi na jalada zuri wala na muhuri wa tuzo.

Kwa nini uamuzi, na dhamira au ufundi wa lugha visitangulie? Kwa sababu umri wenyewe ndivyo ulivyo. Mtoto wa miaka 10 anaishi ndani ya maamuzi ya watu wengine: shule aliyopelekwa, mtaa waliohamia, ada iliyolipwa au isiyolipwa, shangazi ambaye ametumwa akaishi kwake. Akifika miaka 18 anatarajiwa awe mtu wa kuulizwa na kujibu mwenyewe. Safari ya kutoka huku kwenda kule ndiyo habari kubwa ya maisha yake, na riwaya ina nafasi ya kuisimulia kutoka ndani kuliko maandishi ya aina nyingine. Fasihi ya Kiswahili iliijua hoja hii mapema. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ni habari ya msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, anamchunga kwa ukali na kumpiga vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana. Rosa anapokwenda shule, mbali na macho ya baba, hana mazoezi yoyote ya kujiamulia, na uhuru wenyewe unamwangamiza. Haikuandikwa kwa ajili ya watoto, wala sipendekezi apewe mwanafunzi wa shule ya msingi. Ila inaonyesha vizuri kwa nini kijana anahitaji kusoma habari za wenzake wanaoamua, wakipatia na wakikosea, kabla zamu yake haijafika.

Tuanze na swali la kwanza. Katika riwaya nyingi dhaifu za vijana, mtoto yuko kwenye jalada lakini mtu mzima ndiye anayeiendesha hadithi. Kijana anaingia matatani, anatokea mjomba kutoka mjini, mwalimu mkuu mwenye hekima au mfadhili kutoka ng'ambo, tatizo linatatuliwa, kijana anashukuru na kuahidi kusoma kwa bidii. Chukua tukio dogo la kubuni. Msichana, tumwite Neema, anakuta simu imesahauliwa kwenye kiti cha daladala. Mwandishi wa kwanza ataandika kwamba Neema alikumbuka usia wa bibi yake kuhusu uaminifu, akampa konda ile simu, na abiria wote wakampongeza. Mwandishi wa pili ataiacha simu iite mikononi mwa Neema. Kwenye kioo limetokea jina la anayepiga: Mama. Konda amegeuka anamtazama. Mfukoni mwa sketi kuna barua ya shule inayosema asirudi bila mchango, na Neema analijua duka linalonunua simu bila kuuliza zimetoka wapi. Akipokea, amejifunga. Akiizima, amejifunga pia. Kwa mwandishi wa kwanza, bibi ndiye aliyeamua, tena zamani, na Neema ni tarishi tu. Kwa wa pili, msomaji wa miaka 12 hajui Neema atafanya nini, na papo hapo anagundua kuwa hana hakika yeye mwenyewe angefanya nini. Maadili hayajaondolewa, yametolewa kwa bibi akabebeshwa anayepaswa kuyabeba.

Kati ya vitabu vya karibuni, kinacholionyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa ni When Stars Are Scattered cha mwaka 2020, kazi ya michoro ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed inayosimulia utoto wa Omar mwenyewe katika kambi ya Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Kambi ya wakimbizi ni mahali ambapo karibu kila kitu kimeshaamuliwa na wengine. Chakula ni cha mgao, na safari ya kwenda kuishi Marekani inategemea usaili wa Umoja wa Mataifa ambao hakuna ajuaye ataitwa lini. Ingekuwa rahisi kumfanya Omar mtoto wa kuhurumiwa tu. Waandishi wamemweka badala yake mbele ya swali lililo ndani ya uwezo wake: aende shule, au abaki kumtunza mdogo wake Hassan, ambaye ana kifafa na hatamki ila neno moja la Kisomali la kumwita mama? Kiongozi wa jamii anamshauri, Fatuma, mama mlezi wao, yuko tayari kumshika Hassan, lakini mzigo wa kuchagua unabaki kwa Omar. Msomaji wa darasa la tano ambaye hajawahi kuona hema la wakimbizi anauelewa uzito wa swali hilo, kwa sababu naye ana mdogo wake nyumbani. Kitabu kingeanza na takwimu za wakimbizi, kingepata heshima yake na kukosa msomaji wake.

Swali la pili ni gumu zaidi kulipima, na ndilo linalomtenga mwandishi stadi na mwenye nia njema tu. Kijana anapoamua, anajua nini? Riwaya huharibika pale mwandishi anapomkopesha mtoto akili ya mtu wa miaka 50, akamfanya azungumze kama mjumbe wa semina kuhusu haki, jinsia au mazingira. Mhusika wa namna hiyo haamui kitu, kwa kuwa ameshajua jibu. Jerry Craft aliliepuka kosa hilo katika New Kid ya mwaka 2019, riwaya ya michoro ya kwanza kupata Medali ya Newbery ya Marekani, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1922. Jordan Banks ana miaka 12, anatoka mtaa wa Washington Heights jijini New York, na wazazi wamempeleka shule ya binafsi ya watoto wa matajiri ilhali yeye alitaka shule ya sanaa. Huko mwalimu anamwita mwenzake mweusi, Drew, kwa jina la mtu mwingine, leo na kesho na keshokutwa. Jordan anahisi kuna kitu hakiko sawa, ila hajui kama ni dharau au usahaulifu, wala hajui akifungua mdomo litamtokea nini. Craft hamleti mtu mzima wa kumfafanulia ubaguzi. Anampa daftari la kuchora, na katika katuni zake tunaona kwa pamoja anachokielewa na ambacho bado hajakielewa. Pengo hilo kati ya kuhisi na kujua ndipo riwaya ya rika hili inapoishi.

Linganisha na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyosomwa na wanafunzi wa Kenya wakiwa wanajiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Ni riwaya nzito, na sehemu ya Umu na ndugu zake Dick na Mwaliko ingetosha yenyewe kuwa riwaya kamili ya kijana. Wazazi wametengana, kisha mfanyakazi wa nyumbani, Sauna, anawatorosha wale wadogo wawili, na Dick anatumbukizwa kwenye biashara ya dawa za kulevya angali mtoto. Lakini kitabu kina mambo mengi ya taifa ya kusema: ukimbizi baada ya uchaguzi, ardhi, ukabila, ufisadi. Mara nyingi habari za watoto hawa tunazipata kwa njia ya kumbukumbu, zikiwa zimeshapita na kupewa maana, na ndugu waliopoteana wanakutanishwa na sadfa. Kama riwaya ya jamii inasimama imara. Kama riwaya ya kijana, inamnyima msomaji nafasi ya kukaa na Dick katika saa ambayo Dick mwenyewe bado hajui afanye nini. Tofauti hiyo haipunguzi hadhi ya kitabu. Inatuambia tu tumpe nani na kwa shabaha gani, na kwamba kuwa na watoto ndani yake hakukifanyi kitabu kuwa cha watoto.

Swali la tatu ni la gharama. Uamuzi usio na gharama ni mapambo. Katika riwaya dhaifu, mtoto mwema anachagua wema na wema unamlipa kabla ya sura kwisha. Mtoto anayesoma anajua kuwa dunia haiko hivyo, kwa hiyo kitabu kimepoteza imani yake. Jason Reynolds, katika Long Way Down ya mwaka 2017, amelipeleka jambo hili hadi mwisho wake. Will ana miaka 15. Kaka yake Shawn amepigwa risasi na kufa. Mtaani kwao kuna kanuni tatu: usilie, usimtaje mtu, lipa kisasi. Will anachukua bastola ya kaka yake, anaingia kwenye lifti, na riwaya nzima, iliyoandikwa kwa mashairi huru, inapita ndani ya muda wa lifti kushuka orofa saba. Kila orofa anaingia mtu, na kila aliyeingia alikwisha kufa kwa bunduki. Lifti inapofika chini, mwandishi hatuambii Will anafanya nini. Hakuna mchungaji, hakuna polisi, hakuna mama anayekuja kumnyang'anya silaha. Hata hivyo ni vigumu msomaji kufunga kitabu hicho akiwa ametamani bunduki, kwa kuwa bei ya kisasi amehesabiwa sarafu kwa sarafu, na wanaohesabu ni walioilipa.

Hapa pana pingamizi la haki. Mtu atasema kuwa mazungumzo haya ya uamuzi ni ya watoto wenye nafasi. Mtoto wa maskini ana uamuzi gani? Jibu liko katika riwaya ambayo wanafunzi wa Tanzania wameisoma kwa miaka mingi, Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo, iliyotoka mwaka 2002. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare. Baba yao, Mzee Lomolomo, amezama katika pombe. Mama anauza chakula mtaani. Watoto wanaishia kuokoteza jalalani. Nafasi yao ya kuchagua ni nyembamba mno. Lakini Mbogo hakuifuta. Anaonyesha ukuta uliowazunguka, kisha anaonyesha kipenyo kidogo kilichobaki na mtoto anayejaribu kupita. Ndivyo umaskini unavyopaswa kuandikwa kwa vijana. Riwaya inayowafanya watoto maskini kuwa vitu vinavyosukumwa na hali tu huwa imewadharau, hata ikiwalilia kila ukurasa.

Maswali haya matatu pia yanatusaidia kutenganisha rika. Wachapishaji wa Marekani na Uingereza hugawanya vitabu vya miaka 8 hadi 12 na vile vya 12 au 13 hadi 18, na mgawanyo huo unafanana vya kutosha na wetu wa shule ya msingi na sekondari. Watu hudhani tofauti ni urefu wa kitabu au ukali wa matukio. Sivyo hasa, kwani Omar wa Dadaab ameona vita akiwa mdogo, na kitabu chake ni cha watoto wa shule ya msingi. Tofauti iko katika mahali uamuzi unapofanyika. Mtoto wa miaka 10 huamua ndani ya ulimwengu uliokwisha kupangwa na wakubwa: atamlinda nani, atasema ukweli au atanyamaza, atasimama na rafiki yupi. Akikosea, kuna mtu wa kumpokea. Kijana wa miaka 16 anauhukumu ulimwengu wenyewe uliopangwa, anaweza kuukataa, na akikosea huenda asipate wa kumpokea. Ukikuta kitabu cha miaka 10 ambacho mtoto ameachwa peke yake bila bega hata moja la kuegemea, kimevuka rika. Ukikuta kitabu cha miaka 16 ambacho wakubwa wanapanga kila kitu na wana haki siku zote, hakijalifikia.

Lugha nayo ipimwe kwa kipimo hichohicho. Wakaguzi wengi huhesabu makosa ya sarufi na methali, na hilo lina nafasi yake, lakini swali la msingi ni kama lugha ni ya yule anayeamua. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, imejaa Kiswahili cha kupambwa, misemo juu ya misemo, na bado vijana wa Kenya waliipenda kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi. Sababu ni kwamba mapambo yale ni ya msimulizi mwenyewe, Msanifu Kombo anayeitwa Kongowea Mswahili, kijana kutoka Tanga ambaye umahiri wa lugha ndio mali pekee aliyo nayo anapoamua kwenda kumtafuta baba yake hadi Kitale. Ukiyaondoa mapambo, umemwondoa yeye. Mwandishi mwingine akimvika mapambo yaleyale kijana wa bodaboda asiye na sababu ya kusema hivyo, inakuwa insha ya mtihani. Kinyume chake pia ni kosa: kujaza misimu ya mtaani ili kitabu kionekane cha kisasa. Misimu huchakaa upesi, na kijana humtambua mara moja mtu mzima anayejaribu kusema kama yeye.

Sasa tuwajibu wanaotetea funzo. Wanasema, na wana historia upande wao, kwamba hadithi zetu tangu ngano za bibi hadi Adili na Nduguze ya Shaaban Robert zimekuwa na kazi ya kulea, na kwamba fasihi isiyofunza ni anasa. Nakubali sehemu ya kwanza. Lakini zitazame vizuri ngano zenyewe. Sungura huponyoka kwa ujanja wake mwenyewe mbele ya mnyama mwenye nguvu, na mara nyingi ujanja huo si wa kupigiwa mfano. Msikilizaji huachwa apime mwenyewe ujanja unaishia wapi na uovu unaanzia wapi. Hotuba ndefu ya mwisho imekuja zaidi na vitabu vya shule, kwa kuwa soko kubwa la mchapishaji wa Kiswahili ni shule, na mchapishaji anayetaka kitabu chake kipitishwe hutaka funzo lionekane kwa mbali. Anayedai hadithi ibaki na kazi yake ya malezi angepaswa kuwa wa kwanza kuipinga hotuba hiyo, kwani mtoto akipewa jibu hafanyi tena kazi ya kulitafuta, na malezi yako katika kazi hiyo.

Pingamizi la pili ni la giza na aibu. Wazazi wanaogopa kifo, ulevi, ngono na ukatili katika vitabu vya watoto, na hofu yao isibezwe. Ila kumbukumbu za marufuku hazijawa na heshima kubwa. Rosa Mistika ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania ilipotoka, na baadaye ikarudi kusomwa. New Kid iliondolewa kwa muda katika shule za Katy, Texas, mwaka 2021, kisha ikarudishwa baada ya kukaguliwa.  Kipimo bora cha giza ni hiki: je, ukatili uliomo unabadilisha anachoweza kuamua mhusika, au umewekwa ili tushtuke? Auma's Long Run ya Eucabeth Odhiambo, mwandishi mzaliwa wa Kenya, iliyotoka mwaka 2017, ina vifo vingi kwa sababu inasimulia kijiji cha magharibi ya Kenya wakati UKIMWI ulipoingia na watu wakawa hawautaji. Auma ana miaka 13, anapenda mbio, na anataka mbio hizo zimpatie nafasi ya kuendelea na masomo awe daktari. Kila ugonjwa unapogonga nyumbani kwao, njia ya kwenda huko inazidi kuwa nyembamba, na kila mara inambidi achague tena kati ya ndoto yake na wadogo zake. Hakuna kifo kilichowekwa kwa kutisha tu. Kitabu hicho kinafaa mtoto wa darasa la saba, na kitamfaa zaidi akikisoma pamoja na mtu mzima.

Pingamizi la tatu linatoka kwa vijana wenyewe: wanataka raha, majini na mazimwi, wala hawataki kupimwa. Wana haki, na kipimo hiki hakiwanyimi. Fantasia huanguka kwa sababu ileile inayoangusha riwaya ya maisha ya kawaida, yaani pale uchawi unapoamua badala ya mhusika. Pete ikitatua kila kitu, hakuna tofauti kati yake na mjomba kutoka mjini. The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, iliyotoka mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza, inatuhusu hasa sisi wa pwani. Aisha ni msichana wa Mombasa mwenye asili ya Hadhramaut. Baba yake mvuvi anapopotea baharini, anamfuata katika mashua ya mifupa akiwa na paka anayesema, na anakabiliana na viumbe wa kutisha wa baharini. Lakini sehemu inayomfanya msomaji afikiri inakuja anaporudi nchi kavu, ambako bibi yake anataka atulie na kuolewa. Msichana aliyeona aliyoyaona atakubali maisha ya namna gani? Wachapishaji waliitoa kama riwaya ya watu wazima, na Kiingereza chake ni kizito. Naiweka hata hivyo kwenye orodha ya msomaji mzoefu wa miaka 15 na kuendelea, kwa kuwa kiini chake ni uamuzi wa kijana.

Msomaji makini ataona kuwa vitabu vingi vya karibuni nilivyovitaja ni vya Kiingereza, na ataniuliza kwa nini. Kwanza, kijana wetu wa sekondari anasoma lugha zote mbili, na hakuna faida ya kumficha kilicho bora katika mojawapo. Pili, kitabu cha nje kuhusu kwetu kinahitaji jicho la ziada, na jicho hilo tunalo sisi. Golden Boy ya Tara Sullivan, ya mwaka 2013, ni habari ya Habo, mvulana mwenye ualbino anayekimbia kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam akiwindwa, akapata hifadhi kwa mchongaji kipofu anayeitwa Kweli. Mwandishi ni Mmarekani anayewaandikia Wamarekani, kwa hiyo kitabu kinabeba maelezo ambayo mtoto wa Sengerema hayahitaji. Kwenye uamuzi, hata hivyo, kinasimama: Kweli hawezi kuiona ngozi ya Habo, na Habo anapaswa kuchagua amwambie au abaki mvulana wa kawaida kwa mara ya kwanza maishani. Kijana wa kwetu atavumilia maelezo ya ziada kwa ajili ya swali hilo. Kigezo ni kuona kama maelezo yamezunguka uamuzi au yamechukua nafasi yake.

Namna ya kuutumia mwongozo huu ukiwa umeshika kitabu dukani ni nyepesi. Soma ukurasa wa kwanza, uone kama kuna mtu anayetaka kitu, au kuna hali ya hewa na sifa za kijiji tu. Kisha fungua katikati, utafute mahali ambapo kijana na mtu mzima wanazungumza, uone nani anauliza na nani anatoa majibu. Ikiwa kwa kurasa tatu mtu mzima anaeleza na kijana anaitikia, rudisha kitabu kwenye rafu. Mwisho soma sura ya mwisho bila haya, kwani wewe ni mkaguzi. Tafuta jambo ambalo mhusika amelipoteza na halikurudi. Kama kila kilichopotea kimerudi, pamoja na zawadi juu, gharama haikuwapo. Tuzo zikuongoze kuchagua cha kukagua, zisikuamulie. Newbery, Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Kenya au Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kwa Tanzania zote hutolewa na watu wazima, na zinachoweza kukuhakikishia ni kwamba watu wazima wamekipenda.

Kwa mtoto wa miaka 9 hadi 12, basi, ningeanza na When Stars Are Scattered na New Kid, hasa kwa anayedai kuwa hapendi kusoma, kwa sababu michoro inambeba hadi kwenye swali bila kumchosha. Auma's Long Run imfuate akishakuwa na pumzi. Kwa kijana wa miaka 13 hadi 15 nampa Siku Njema kwa Kiswahili, nje ya darasa na bila maswali ya ufahamu, pamoja na Golden Boy na Watoto wa Maman'tilie. Kwa miaka 15 na kuendelea, Long Way Down inasomeka kwa jioni moja na kubishaniwa kwa wiki nzima, na The House of Rust ni ya yule ambaye vitabu vya shule vimeshakuwa vidogo kwake. Orodha hiyo ina upungufu ulio wazi: riwaya fupi ya Kiswahili ya miaka hii kwa mtoto wa miaka 11, isiyo na hotuba, ambayo Neema anaachwa na simu inaita mkononi. Watakaoijaza nafasi hiyo ni wahariri wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar watakaposoma mswada, wakafika mahali mjomba anapoingia kutatua, na kumwomba mwandishi amfute mjomba.